Kufunga Nyumba Ujerumani na Kurudi Tanzania Kabla ya Muda: Mwongozo kwa Familia

Mwongozo huu ni wa familia iliyokwenda Ujerumani kwa muda, kwa masomo au kwa mkataba wa kazi wa miaka miwili mitatu, na sasa inarudi Tanzania kabla muda huo haujaisha. Sababu ni zenu. Huenda mzazi anaumwa, mradi umekosa fedha, kazi imekatika, au watoto wamekataa kuzoea.

Anayemaliza muda wake hukuta mambo mengi yakiisha pamoja naye. Anayeondoka mapema hana bahati hiyo, maana mkataba wa Ujerumani haujifungi wenyewe kabla ya muda wake. Nyumba, umeme, intaneti, ada ya redio na televisheni, chekechea, bima: kila kimoja kinaendelea kukata pesa kwenye akaunti mpaka wewe mwenyewe ukiandikie barua, na kila kimoja kina muda wake wa notisi. Kwa hiyo panga kwa kurudi nyuma. Anza na tarehe ya kuondoka, kisha hesabu miezi.

Barua ya nyumba kwanza, tiketi baadaye

Notisi ya mpangaji ni miezi mitatu. Hesabu yake ina mtego: barua lazima imfikie mwenye nyumba kabla ya siku ya tatu ya kazi ya mwezi kuisha, ndipo mwezi huo uhesabiwe. Ikifika kwa wakati mwanzoni mwa Machi, mkataba unaisha 31 Mei. Ikichelewa siku moja tu, unalipa Juni nzima. Itume wiki moja kabla mwezi haujaanza, ili posta isikuchezee.

Barua iwe ya karatasi na isainiwe kwa kalamu na wote waliosaini mkataba wa kupanga. Barua pepe haihesabiki, wala ujumbe wa WhatsApp hata kama mwenye nyumba amejibu "sawa". Itume kwa Einwurf-Einschreiben, yaani barua ya rejesta inayotiwa kwenye sanduku la barua, na utunze risiti. Kama baba anatangulia Dar es Salaam na jina lake limo kwenye mkataba, aisaini kabla hajapanda ndege. Karatasi ikianza kusafirishwa kwa kurudi na kwenda, mwezi umepotea.

Kabla ya kuandika, soma mkataba utafute maneno mawili. La kwanza ni Kündigungsverzicht: mmekubaliana kutotoa notisi kwa kipindi fulani, na kisheria kinaweza kufika hadi miaka 4. La pili ni Zeitmietvertrag, mkataba wenye tarehe ya mwisho, ambao kwa kawaida hauvunjwi katikati. Ukikuta mojawapo, njia iliyobaki ni mazungumzo: mwombe mwenye nyumba makubaliano ya maandishi ya kusitisha mkataba, Aufhebungsvertrag, na umpelekee mpangaji mwingine aliye tayari, pamoja na hati zake za mshahara. Wengi wanaamini kwamba ukileta wapangaji watatu mwenye nyumba analazimika kumchukua mmoja. Si kweli. Anaweza kuwakataa wote watatu. Lakini katika miji yenye uhaba wa nyumba, mpangaji mzuri aliyeletwa mlangoni mara nyingi hukubaliwa, na ndiyo njia ya haraka kuliko zote.

Jambo moja linalosahaulika ni jiko. Nyumba nyingi Ujerumani hupangishwa bila makabati ya jiko wala sinki, na kama mlinunua ya kwenu mnatakiwa kuyaondoa. Mkiuzia mpangaji anayeingia mmeokoa fedha na kazi ya siku mbili ya kufungua skrubu.

Kazi, ruhusa ya kuishi na fedha za mfadhili

Notisi ya kazi kwa mwajiriwa ni wiki 4, iishie tarehe 15 au mwisho wa mwezi. Mkataba wako unaweza kutaka zaidi, kwa hiyo usome. Omba Arbeitszeugnis, barua ya kueleza ulichofanya na ulivyofanya. Ni haki yako, na ni rahisi kuipata ukiwa bado ofisini kuliko ukiwa Mbagala.

Mwenye kibali cha kazi ambaye ajira yake imekatika kabla ya muda anatakiwa kuijulisha Ausländerbehörde, ofisi ya wageni, ndani ya wiki 2. Kuhusu kibali chenyewe, elewa jinsi kinavyokufa. Ukitoka Ujerumani kwa nia ya kuhama, kinakufa siku hiyo hiyo. Ukitoka kwa shughuli ya muda, kinakufa usiporudi ndani ya miezi 6. Kama kuna uwezekano wa mmoja wenu kurudi kumalizia tasnifu, aombe muda mrefu zaidi kwa maandishi kabla ya kuondoka, na asijiondoe kwenye daftari la wakazi kwa mkumbo wa familia. Mkumbuke pia kwamba kibali cha mwenza na watoto kwa kawaida kinategemea cha mmoja wenu. Huyo akiondoka moja kwa moja, waliobaki wanabaki hewani.

Anayesoma kwa udhamini asome kifungu cha kusitisha mapema. Pesa iliyoingia kwa ajili ya miezi ambayo hukuwepo huwa inadaiwa, na barua ya kuidai inafika hata Tanzania.

Mwenye Sperrkonto, ile akaunti iliyofungwa inayotoa fedha kwa mwezi, asiondoke akidhani salio litamfuata. Benki huhitaji kibali cha kuifungua, na kibali hicho hutolewa na Ausländerbehörde. Kiombe mapema, maana miadi yao si ya wiki hii wala ijayo.

Watoto: karatasi za shule na za afya

Shule za Tanzania huanza mwaka Januari. Za Ujerumani huanza Agosti au Septemba. Ukiwa na nafasi ya kuchagua, fika Desemba. Mtoto anayefika katikati ya mwaka anapokelewa, ila angalia darasa analoingia. Darasa la Saba hufanya mtihani wa taifa Septemba, na watahiniwa huandikishwa mapema zaidi; Darasa la Nne nalo lina upimaji wake mwishoni mwa mwaka. Mtoto atakayeangukia kwenye mojawapo ya madarasa hayo, ongea na shule mpya miezi kadhaa kabla. Aliyewahi kusoma Tanzania ana namba ya PReM, ile ya mwanafunzi kwenye mfumo wa taifa wa kumbukumbu za shule. Itafute shule ya zamani, kwa sababu uhamisho unapitia humo.

Shule ya Ujerumani iombe cheti cha kuondoka na ripoti ya maendeleo ya mpaka siku hiyo, usisubiri ile ya Januari au ya kiangazi. Tafsiri ya Kiingereza ifanywe na mtafsiri aliyeapishwa, na hapa kuna kitu kidogo kinachowaponza watoto wazuri: alama za Kijerumani zinakwenda kinyume na tulivyozoea. Moja ndiyo bora, sita ndiyo ya kufeli. Mwalimu wa Dar es Salaam akiona karatasi imejaa 1 na 2, anamhurumia mtoto. Mwambie mtafsiri aandike ufunguo wa alama kwenye ukurasa huo huo.

Mtoto aliyeanza kusoma kwa Kijerumani anaongea Kiswahili cha nyumbani lakini hajawahi kukiandika. Miezi ile mitatu ya notisi inatosha kumfundisha silabi na kumsomesha hadithi fupi kila jioni. Anayezoea kuona "sch" atasumbuliwa na "sh" na "ch" kwa wiki chache, si zaidi.

Kwa aliyezaliwa Ujerumani, chukua nakala kadhaa za Internationale Geburtsurkunde, cheti cha kuzaliwa cha lugha nyingi, kwenye Standesamt, ofisi inayosajili vizazi. Pasipoti ya mtoto na mihuri yoyote ya ubalozi ishughulikiwe Berlin ukiwa bado upo. Kufuatilia cheti cha Standesamt kutoka Tanzania kunawezekana, ila kunachosha.

Kitabu cha njano cha vipimo vya mtoto na kadi ya chanjo viwe kwenye mkoba wa mkononi, visiingie kwenye kontena. Mwonyeshe muuguzi wa kliniki ya Tanzania kwamba mtoto hana chanjo ya BCG, kwa sababu Ujerumani iliacha kuipendekeza mwaka 1998; vinginevyo atatafuta kovu begani bila kuliona. Kuhusu homa ya manjano, Ujerumani si nchi ya ugonjwa huo, lakini ukipita Addis Ababa au Nairobi na kukaa uwanjani zaidi ya saa 12, unaweza kudaiwa cheti ukitua. Chagua ndege ya kuunganisha kwa muda mfupi, au mchanjwe kabisa.

Na malaria: mtoto aliyekulia Ujerumani hana kinga yoyote, na kinga ya mtu mzima aliyekaa nje miaka kadhaa imepungua sana. Vyandarua viwepo usiku wa kwanza, si wiki ya pili. Homa yoyote, kapime siku hiyo hiyo.

Mzigo: nini kinastahili kusafiri

Kontena la futi 20 linabeba takriban mita za ujazo 33. Familia ya watu wanne inayorudi baada ya mwaka mmoja na nusu haihitaji hata theluthi yake, hivyo ni afadhali kuchangia kontena na wengine. Malipo ni kwa mita ya ujazo. Katoni ya kuhamia ya sentimita 60 kwa 35 kwa 35 ina ujazo wa 0.0735, kwa hiyo katoni 13 au 14 ndizo mita moja. Pima kwanza, ndipo uulize bei. Vitabu vitie kwenye katoni ndogo; katoni kubwa ya vitabu inapasuka chini kabla haijafika kwenye lifti.

Umeme hauna tatizo: Ujerumani na Tanzania zote ni volti 230 na hezi 50. Unabadilisha plagi tu. Gari acha. Usukani uko kushoto, na ukiliuza, lifutishe usajili Zulassungsstelle, ofisi ya usajili wa magari, ili kodi na bima yake viishe.

Mashine ya kufulia ndiyo inayoleta majuto mengi, na karibu kila mara kosa si la bahari. Kwanza, ngoma yake lazima ifungwe kwa zile nondo za kusafirishia zilizokuja nayo ikiwa mpya. Bila nondo, ngoma inarukaruka safari nzima na springi zinakatika. Kama ulizitupa, agiza nyingine za modeli hiyo, au uiuze mashine. Pili ni presha ya maji. Mashine nyingi zinataka angalau bar 0.5. Maji yenye kimo cha mita 10 ndiyo yanatoa bar 1, kwa hiyo tangi linatakiwa kuwa kama mita 5 juu ya mashine. Tangi lililokaa kwenye mnara wa mita 2 uani halifikishi hapo: mashine inalia, inasubiri maji, kisha inaandika kosa na kusimama. Fundi akiitwa anafungua pampu iliyo nzima. Ama inua mnara, ama funga pampu ndogo ya kuongezea presha.

Kila katoni iandikwe namba, na orodha iseme kilichomo kwa ukweli: "nguo za watoto zilizotumika, sufuria 4, vitabu". Usiandike "vitu binafsi" kwenye katoni zote 30; orodha ya namna hiyo ndiyo inayofanya zote zifunguliwe. Betri za simu, za kompyuta na za drili zitoe kwenye mzigo wa meli. Benki ya umeme (power bank) inapanda nawe kwenye kabini ya ndege, haiingii kwenye sanduku la kukabidhi. Wala usifunge nguo kwa mifuko ya plastiki ya dukani: Tanzania iliipiga marufuku tangu 1 Juni 2019 na wasafiri wanajumuishwa.

Mikataba midogo inayouma

Intaneti: sheria inakuruhusu kuvunja kwa notisi ya mwezi mmoja kama kampuni haiwezi kukuhudumia unakohamia, na Tanzania haimo kwenye mtandao wao. Umeme na gesi: notisi ya hadi wiki 6 kwa anayehama. Ukumbi wa mazoezi ni hadithi nyingine. Mahakama kuu ya madai ya Ujerumani ilisema mwaka 2016 kwamba kuhama peke yake si sababu ya kuvunja mkataba huo, kwa hiyo jaribu kuomba kwa upole au kumpata wa kuurithi.

Ada ya redio na televisheni, Rundfunkbeitrag, ni euro 18.36 kwa mwezi. Ulipojiandikisha mjini walikupata wenyewe; unapoondoka hawajiondoi wenyewe. Waandikie na uambatanishe karatasi ya Abmeldung, ile ya kujiondoa kwenye daftari la wakazi.

Kindergeld, posho ya watoto inayolipwa na serikali, ndiyo hatari zaidi kwa kuwa inaonekana kama zawadi. Mwaka 2026 ni euro 259 kwa mtoto. Ikiendelea kuingia miezi 4 baada ya kuondoka kwa watoto wawili, ni euro 2,072 zinazodaiwa zirudishwe. Ijulishe Familienkasse, ofisi inayoilipa, tarehe kamili ya kuondoka.

Bima ya Haftpflicht, ile inayolipa uharibifu unaowasababishia wengine, usiifunge mapema. Iache hai mpaka funguo za nyumba ziwe zimerudi, kwani ndiyo inayoweza kukuokoa ukipasua beseni siku ya kutoa kabati.

Wiki ya mwisho

Abmeldung, yaani kujiondoa kwenye daftari la wakazi, hufanyika Bürgeramt, ofisi ya wakazi: mapema kabisa ni wiki moja kabla ya kutoka kwenye nyumba, na mwisho ni wiki 2 baada ya kutoka. Familia nzima iwe kwenye fomu moja. Usiondoke dirishani bila karatasi ya uthibitisho. Itolee nakala tano na uipige picha. Bima ya afya itaitaka, shule itaitaka, Rundfunkbeitrag wataitaka, na utakavyoona chini, hata forodha ya Dar es Salaam itafurahi kuiona.

Bima ya afya ikifungwa, mnabaki bila kinga kati ya siku hiyo na siku ya kutua. Nunueni bima ya safari ya siku chache. Kwa familia yenye mtoto mchanga hili si la kujadili.

Makabidhiano ya nyumba yafanyike mchana, kwenye mwanga. Andikeni Übergabeprotokoll: hali ya kila chumba, namba za mita za umeme, maji na gesi, na idadi ya funguo. Piga picha mita zenyewe huku tarehe ikionekana. Kama mwenye nyumba ameandika uharibifu usioukubali, huna wajibu wa kusaini. Andika pingamizi lako pembeni au uache. Sofa usiyoiuza haiachwi barabarani. Gari la manispaa la Sperrmüll, yaani taka kubwa kubwa, huwekewa miadi, na katika miji mingi miadi ni ya wiki kadhaa mbele.

Ukibeba fedha taslimu za kuanzia euro 10,000, zitangaze kwa maandishi forodhani unapotoka Umoja wa Ulaya.

Akaunti ya benki na laini ya simu vibaki

Dhamana ya nyumba, Kaution, hairudi siku ya kukabidhi funguo. Mwenye nyumba anaweza kushikilia sehemu mpaka apige hesabu ya maji na joto, na hesabu hiyo ana miezi 12 ya kuileta baada ya kipindi chake kuisha. Hivyo akaunti iendelee kuwa wazi kwa mwaka mmoja au zaidi, na benki ipewe anwani ya Tanzania.

Hapa ndipo wengi hukwama: namba za siri za benki zinatumwa kwenye laini ya simu ya Kijerumani ambayo mkataba wake wameuvunja. Kabla ya kuuvunja, hamishia namba hiyo kwenye laini ya kulipia kabla, na uiongezee salio mara kwa mara ili isifungwe. Simu hiyo itembee nawe.

Ritani ya kodi jaza. Kodi ya mshahara hukatwa kila mwezi kana kwamba utafanya kazi mwaka mzima; aliyeondoka Juni mara nyingi amekatwa zaidi ya anachostahili. Una miaka 4 ya kuijaza kwa hiari, ila kumbuka kuonyesha na mapato ya Tanzania ya miezi iliyobaki.

Forodha Dar es Salaam

Sheria ya forodha ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 inamsamehe ushuru mtu anayehamisha makazi kwa vyombo vya nyumbani alivyokuwa akivitumia alikotoka. Masharti mawili yanawagusa waliorudi mapema. Kwanza, afisa lazima aridhike kwamba umehama kweli, hukutoka ziarani. Aliyekaa miezi minane ataulizwa, na jibu zuri ni karatasi: Abmeldung, mkataba wa nyumba uliovunjwa, barua ya shule ya watoto, pasipoti yenye mihuri. Pili, mzigo unaofika peke yake una siku 90 tangu wewe uwasili. Kamishna anaweza kuongeza, lakini si zaidi ya siku 360.

Siku 90 zinaonekana nyingi mpaka ukumbuke kwamba kontena la kuchangia husubiri kujaa, na kwamba meli nyingi tangu mwisho wa 2023 zinazunguka Rasi ya Tumaini Jema badala ya kupita Bahari ya Shamu. Peleka mzigo kabla hujasafiri, lakini usiuwahishe ukatangulia kwa mwezi mzima, kwa sababu gharama za kuhifadhi zinahesabika kwa siku. Hati ya shehena iandikwe jina lile lile lililo kwenye pasipoti. Ikiandikwa jina la binamu, msamaha unakuwa na maswali. Na televisheni tatu mpya ndani ya maboksi yao si vyombo vya nyumbani, ni biashara, hata kama ni zawadi za shangazi zako.

Mpe wakala wa forodha nakala zote kabla meli haijatia nanga.

Miaka 2 baadaye

Kila mwezi wa ajira ulikatwa asilimia 9.3 ya mshahara kwa ajili ya pensheni. Raia wa Tanzania aliyechangia chini ya miezi 60 anaweza kurudishiwa sehemu aliyokatwa yeye, si ile ya mwajiri, ikiwa imepita miezi 24 tangu michango ikome na haishi tena Ulaya. Kwa mshahara wa euro 3,000 na miezi 20 ya kazi, hiyo ni euro 5,580. Fomu ni V0901. Ukichukua, haki zote za pensheni ya Ujerumani zinafutika, kwa hiyo anayewaza kurudi kufanya kazi huko asiharakishe. Weka namba yako ya Rentenversicherung, bima ya pensheni, na hati za mshahara kwenye bahasha moja, na uandike tarehe ya kuomba kwenye simu leo hii. Baada ya miaka miwili hakuna atakayekukumbusha.